Filamu ya Malori

Chama cha wanajeshi wastaafu kilikutana kila Jumamosi alasiri kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa, na humo mzee aliyeitwa Sinema ndiye aliyeheshimiwa kuliko wote kwa habari za filamu za vita. Wala hakuwahi kuitazama hata moja mpaka mwisho. Hilo wenzake hawakulijua. Alilijua yeye na mkewe tu.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza ndefu yenye mguu mmoja uliotegemezwa kwa kipande cha kadibodi, viti vya plastiki, na birika la umeme lililochemka kwa kelele kuliko mkutano wenyewe. Wazee walikunywa chai, wakalalamikia magoti yao, kisha wakaingia kwenye mapendekezo, maana hiyo ndiyo hasa ilikuwa kazi ya chama. Mmoja mmoja alisimama akawapendekezea wenzake kitu cha kupitishia wiki: filamu, kitabu, au kazi ya mikono. Mpishi wa zamani wa kikosi, ambaye aliitwa Mpishi mpaka leo ingawa nyumbani haruhusiwi kusogelea jiko, alipendekeza riwaya nene za vita zenye ramani kurasa za mwanzo, na alinuna mtu akizirudisha mapema. Koplo alikuwa mtu wa drafti na mafumbo ya gazetini. Dereva, mzee mpole wa maneno machache aliyeendesha malori ya jeshi mpaka anastaafu, siku moja alisimama akapendekeza kufuma sweta. Walicheka mpaka Mpishi akapaliwa na chai. Mwezi haukuisha, nusu ya chama walikuwa wanatembea na sindano za kufumia mifukoni, na Koplo alikuwa akibishana na mkewe juu ya rangi ya uzi.

Sheria ilikuwa moja tu, na haikuandikwa popote: hupendekezi kitu ambacho hujakipitia mwenyewe. Waliichukulia kama sheria ya kazini, kwamba usiwapeleke wenzako kwenye njia ambayo hujaipeleleza. Kila aliyesimama aliulizwa, “Njia umepita?” naye akajibu, “Nimepita, ni salama.” Baada ya hapo hapakuwa na swali lingine. Karibu kila mmoja wao alikuwa na kitu ambacho hakutaka kukiona tena, hata kwenye televisheni, kwa hiyo neno hilo walilitegemea kweli. Mzee mmoja alipogundulika amependekeza kitabu alichokisoma nusu, walimnunia wiki baada ya wiki mpaka akahama chama mwenyewe.

Sinema alikuwa akisema “Nimepita, ni salama” kwa miaka mingi, bila kupepesa macho.

Tusimwonee, hakuanza kwa ubaya. Jeshini alikuwa mtu wa redio. Vita vyake alivisikia zaidi ya kuviona. Alikaa hemani na hedifoni masikioni, akapokea amri na kuzipeleka, na kuna watu waliokufa ndani ya masikio yake kabla hawajamaliza sentensi. Alipostaafu, mwanawe alimletea deki na filamu ya vita, akidhani anamfurahisha baba. Hawakufika mbali. Redio ya kwenye filamu ilikwaruza, mtu akaanza kuita kikosi kisichojibu, na wajukuu wakamwona babu yao yuko chini ya meza ameshika kichwa. Mkewe alizima, akawaambia watoto kwamba babu anatafuta miwani.

Jumamosi iliyofuata wazee walikuwa wakiizungumzia filamu ile ile, wakamwuliza yeye aliionaje. Mtu utasema nini? Utasema uliishia chini ya meza? Aliwaomba wamngoje wiki moja aimalizie, akaenda kwenye duka la filamu karibu na stendi ya mabasi. Mwenye duka, dada mmoja mnene mcheshi aliyeuza pia chaja za simu na kofia, alikuwa na kipaji cha kusimulia. Akifika penye mapigano alipanda juu ya kigoda. Sinema alisikiliza akiwa ameegemea kaunta, na kwa ajabu hadithi ikitoka mdomoni mwa dada yule haikumtisha. Iliingia vizuri kabisa. Akaenda kuisimulia chamani kwa madoido yake mwenyewe. Walimpigia makofi, wakampa jina, na kichwa kikamvimba. Tangu hapo kila Ijumaa alikuwa dukani, na kila Jumamosi alikuwa amesimama mbele ya wenzake akitamka kwamba njia ni salama. Dhamira ilimsuta kidogo mwanzoni. Baadaye akaizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Ijumaa iliyoleta balaa, alichelewa kufika dukani. Palikuwa na foleni ya watu wenye simu mbovu, na dada hakuwa na nafasi ya kupanda kigoda. Alimtupia filamu moja mpya kwenye kaunta. Sinema akauliza inahusu nini. Malori ya jeshi, akajibiwa, malori tu mwanzo mwisho. Ina damu nyingi? Hapana baba, damu kidogo sana, inatia huruma tu. Akalipa akaondoka, na njia nzima akawa anajipongeza. Malori! Dereva hakuwahi kuchukua filamu ya vita hata moja. Zikigawiwa alizisukuma kwa jirani yake, akasema hizo si zake. Sinema alijiona mjanja kwelikweli, mtu atakayemfungua Dereva.

Kesho yake aliishika ile filamu juu mbele ya wote, akamgeukia.

“Hii ni yako, ndugu yangu,” alisema. “Nilipoiona tu, nilikukumbuka wewe.”

Dereva aliacha kufuma. Alimtazama kwa muda, na kabla wengine hawajauliza, akauliza yeye mwenyewe, taratibu, kama njia amepita. Sinema akamjibu kwamba amepita, na ni salama. Dereva akaichukua filamu, akaitia ndani ya mfuko wa uzi, na wenzake wakashangilia kwamba leo mzee mzima ameingia darasani.

Jumamosi iliyofuata Dereva hakuja. Mpishi alisema labda ni mafua. Iliyofuata tena hakuja, na simu yake ilipigwa ikaita mpaka ikakata. Sinema aliwasikia wenzake wakikisia mara shinikizo la damu, mara amesafiri kwa mdogo wake, naye akaikumbuka ile filamu ndani ya mfuko wa uzi. Hakungoja mkutano uishe. Aliaga kwamba ana shughuli, akaenda moja kwa moja mpaka dukani, akamwomba dada amsimulie ile filamu ya malori, leo kwa kirefu.

Dada alifurahi. Alivuta kigoda. Kuna msafara wa malori, alisema, unarudi nyuma, adui yuko karibu. Mbele kuna daraja ambalo litalipuliwa wakati wowote. Sasa kando ya barabara kuna majeruhi wao wenyewe, wengine wamekaa, wengine wamelala, wanainua mikono wachukuliwe. Na redio inasema gari lolote lisisimame. Dereva wa lori la mwisho kabisa anashika usukani hivi, anatazama kwenye kioo cha pembeni hivi, machozi yanamtoka... Hapo akaingia mteja na simu iliyotumbukia majini. Dada akamwambia baba asubiri kidogo, mwisho ndio mtamu. Lakini baba hakuwepo tena. Alikuwa nje, ameegemea nguzo ya umeme.

Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe. “Magari yote, msisimame. Narudia, msisimame.” Alikuwa kijana wakati ule, na sauti ilikuwa nyororo, isiyotetemeka, wakubwa waliisifu. Amri haikuwa yake. Kamanda aliitamka, yeye akaipitisha, na msafara ukavuka daraja. Lori la mwisho lilikuwa la Dereva. Hilo alilijua siku zote, kama mtu anavyojua nani alilala kitanda gani kambini, bila kulitilia maanani. Dereva hakusimama. Hakuna aliyesimama kuwachukua majeruhi. Na yeye Sinema, kwa kujitia ujuaji, amemfungia mzee wa watu siku ile ndani ya kasha la plastiki, akamwambia ni salama, tena mbele ya watu.

Alifika nyumbani mkewe akikunja nguo kitandani. Akamwambia yote, na mke hakuacha kukunja.

“Nenda kamwambie hujaiona,” alisema.

Sinema akaanza kujitetea kwamba wakijua chamani hataweza kukanyaga tena. Wangemfanya kama walivyomfanya yule wa kitabu, tena yeye zaidi, maana amewadanganya miaka nenda miaka rudi. Mke akamwuliza, huyo aliyefungiwa ndani na filamu yake ana chama gani sasa hivi? Sinema aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Alivaa koti akatoka, na njiani akayapanga maneno yake kama alivyozoea kupanga ujumbe kabla ya kubonyeza kitufe: sijaiona, nilikudanganya, nisamehe.

Kwa Dereva alifunguliwa na binti yake, muuguzi, ambaye ndio kwanza alikuwa ametoka kazini na sare yake bado iko mwilini. Alimwamkia, akamvuta pembeni ya mlango.

“Baba mdogo, afadhali umekuja. Baba anaangalia filamu moja tu. Ikiisha anairudisha mwanzo. Hali chakula vizuri, hafumi, ukimwuliza anasema kuna jambo analingoja.”

Alimwambia hayo kwa heshima, bila kumlaumu, na ndiyo maana yalimchoma zaidi.

Sebule ilikuwa nadhifu. Mapazia yamefungwa, televisheni imesimamishwa kwenye picha ya barabara yenye vumbi. Dereva alikuwa kwenye kochi, amekonda mashavuni, lakini alipomwona mgeni uso ulimchangamka ghafla kiasi kwamba Sinema alisahau neno la kwanza.

“Nilijua utakuja,” Dereva alisema. “Niliwaza, huyu hawezi kunipa kitu hiki halafu asije.”

Sinema akafungua mdomo aseme lile lililomleta. Dereva akamwinulia mkono amwache amalize. Mtu ambaye kwenye chama alikuwa akitoa sentensi mbili kwa mkutano, leo maneno yalimtoka kama maji. Alisema tangu siku ya daraja hajamwambia mtu, si marehemu mkewe, si binti yake. Alidhani hakuna anayejua wala anayekumbuka. Alikuwa akiwatazama wenzake wakicheka juu ya chai na kujiuliza kama angewaambia, wangemtengea kiti? Halafu Sinema akasimama mbele ya watu wote, akamwambia alipoiona tu alimkumbuka yeye. Hakutaja daraja, hakumwaibisha. Alimpa filamu, akamwachia.

“Nililia siku hiyo, sikufichi,” alisema. “Nikasema kumbe kuna mtu anajua. Na ni wewe, uliyekuwa kwenye redio.”

Sasa mseme ninyi, maneno yale aliyoyapanga njiani yangetokaje? Sinema aliyameza. Aliyaona yakishuka, akayaacha yashuke. Alijiambia atayasema kesho, au wiki ijayo, Dereva akishapata nguvu, na papo hapo akajua kwamba hatayasema kamwe. Alijichukia, lakini akaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye busara nyingi.

“Nimengoja nikuulize jambo moja tu,” Dereva akasema. “Yule dereva wa lori la mwisho, pale mwishoni. Wewe uliionaje? Alifanya sawa?”

Hapa Sinema akaona mlango. Kumbe dawa ilikuwa rahisi hivi. Alisogea mbele, akaweka mkono kwenye goti la mwenzake, akaitumia ile sauti nyororo ya redio.

“Alifanya sawa kabisa,” alisema. “Hakuwa na njia nyingine. Mtu yeyote mwenye utu angefanya vile vile. Ningekuwa mimi nisingesita hata kidogo.”

Goti lilikakamaa chini ya kiganja chake. Uso wa Dereva uliokuwa umechangamka ulirudi nyuma polepole, kama taa inayokosa mafuta, mpaka ukabaki uso wa mzee aliyechoka.

“Alisimama,” akasema mwishowe. “Yule wa kwenye filamu alisimama. Aliwapakia wote, na daraja likamngoja.”

Sinema alitamani ardhi ipasuke. Mtu mwenye utu. Yeye ndiye aliyelitamka hilo, kwa kinywa chake. Maneno yakaanza kumtoka ovyo: hajaiona, haki ya Mungu hajaiona, hajaiona hii wala nyingine yoyote, miaka yote husimuliwa dukani na dada wa chaja za simu, na hata hii hakusimuliwa mwisho wake. Alidhani yule dereva alipita. Alidhani alipita tu.

Dereva alimsikiliza, akatabasamu kwa huzuni.

“Acha,” alisema. “Wewe ni Sinema. Umesema ulichokiona. Sasa unanihurumia, unatafuta pa kutokea. Usijivunjie heshima kwa ajili yangu.”

Kila alipoapa, ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo mwenye huruma. Miaka yote alikuwa akisema uongo na wakamwamini. Leo ana ukweli mkononi na hauuziki. Akabaki na kitu kimoja tu cha kuonyesha. Akanyoosha mkono, akachukua rimoti mezani, akabonyeza.

Picha ikaanza kwenda. Vumbi, magurudumu, mlio wa injini. Sinema alijikaza kisabuni, akashika kingo za kochi. Kisha redio ya kwenye filamu ikakwaruza, na sauti ya kijana ikaita gari la mwisho, ikaita tena. Hakumbuki alivyoteremka. Alijikuta sakafuni kati ya kochi na meza, viganja vimebana masikio, meno yanagongana, na mtu mahali fulani anasema “pokea, pokea, pokea,” na mtu huyo ni yeye.

Binti alikuja mbio kutoka jikoni. Dereva alikuwa ameshazima. Alimfanyia bintiye ishara awaache, akainama kwa shida, goti likalia, akakaa sakafuni karibu na mwenzake mpaka lile tetemeko likapungua.

“Kweli hujaiona,” alisema.

“Sijaiona.”

“Kwa hiyo hukunichagulia.”

“Sikukuchagulia. Nilisikia malori, nikaona ni ujanja. Hakuna zaidi.”

Dereva aliitikia kwa kichwa. Ile faraja ya kwamba kuna mtu aliyejua, Sinema aliiona ikimtoka machoni, na ilimuuma kuliko aibu zote alizoziogopa njiani. Chama wala hakikumjia akilini.

Lakini Dereva alikuwa bado anafikiri. Mtu aliyelibeba jambo muda mrefu huzichungulia kona zake zote.

“Uliposema alifanya sawa,” akasema, “ulidhani alipita.”

“Ndiyo.”

“Kama nilivyopita mimi.”

“Ndiyo.”

“Basi niambie kitu kimoja, na hiki usinidanganye. Uliamini ulichosema, au ulitaka tu kuniridhisha?”

Jibu jema lilikuwa pale pale, limeiva. Aseme aliamini. Neno moja, na mzee huyu angelala usingizi. Sinema alilitazama neno hilo, akaona linafanana na mengine yote aliyowahi kuyatamka chamani amesimama, na kwa mara ya kwanza hakuweza kulitoa.

“Nilitaka kukuridhisha,” alisema. “Mimi sijawahi kulifikiria, ndugu yangu. Niliitamka ile amri, ukaja ujumbe mwingine, nikaupokea huo. Jioni nilikula, nikalala. Tangu siku ile sijakaa chini hata mara moja nikajiuliza waliobaki kando ya barabara walikuwa nani.”

Alingoja afukuzwe. Aliona anastahili, na angeondoka bila neno.

Jikoni maji yalifunguliwa, yakafungwa. Kisha Dereva akashika ukingo wa meza, akajiinua, akampa Sinema mkono naye ainuke.

“Basi lifikirie,” alisema. “Mimi nimelifikiria peke yangu mpaka nimechoka.”

Akaketi kwenye kochi, akasogea kumpisha, na Sinema akakaa.